Kabla ya Kununua Ringi, Tafuta Kilichoiua Injini: Ovahoo ya Probox Hapa Malindi

Probox ikiingia gereji ikifuka moshi wa buluu, swali la kwanza la mwenyewe huwa moja: "Fundi, ringi ni pesa ngapi?" Swali hilo silijibu siku hiyo. Mimi ndiye humuuliza. Maji ya rejeta unayateka wapi? Oili ilimwagwa mara ya mwisho lini? Sindano ya moto iliwahi kupanda? Gari labeba nini, na lapita njia gani? Ringi ni zile duara za chuma zinazovishwa pistoni ili kuziba nafasi kati yake na ukuta wa silinda, na zilizokwisha ni matokeo. Kuna kitu kilichozila, na usipokiondoa kitazila na hizo mpya.

Nililijua hilo kwa kulipa. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nililifanyia ovahoo, yaani kuifungua injini yote na kuifufua upya, gari la mzee mmoja wa Mambrui aliyekuwa akipeleka samaki Malindi kila alfajiri. Niliweka ringi, beringi na seti nzima ya gasketi, injini ikawaka na kutulia vizuri kabisa. Wiki ya tatu gari likarudi likivutwa kwa kamba, gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya bloki na kichwa cha injini, imeungua. Rejeta nilikuwa nimeirudisha vile vile ilivyokuja, bila kuikagua. Tulipofungua tangi lake la juu, mirija zaidi ya nusu ilikuwa imezibwa na ukoko mweupe uliochanganyika na kutu, mgumu kama chokaa ya ukutani. Mzee alikuwa akitia maji ya kisima cha nyumbani, na visima vya karibu na bahari huku kwetu ni vya chumvi. Injini haikufa kwa uzee, ilikufa kwa maji. Kazi ya mara ya pili niliigharamia mimi.

Mfano wangu katika mwongozo huu ni 1NZ-FE, injini ya petroli ya Probox na magari mengine mengi madogo ya Toyota: silinda nne, cc 1,497, kipenyo cha silinda milimita 75. Pale ambapo dizeli za matatu, 3L na 5L, zina njia yake, nitasema.

Sikiliza, kisha pima

Moshi wa buluu ni oili inayoungua, lakini tazama unatoka wakati gani. Ukitoka asubuhi tu gari linapowashwa kisha ukakatika, au ukitoka pale dereva anapoachilia mafuta kwenye mteremko halafu akakanyaga tena, shuku sili za valvu kwanza. Hivyo ni vipira vidogo vilivyo kwenye hedi, na kuvibadilisha hakuhitaji kushusha injini. Ukitoka wakati wote gari linapovuta, na ukifungua kifuniko cha oili injini ikinguruma unapigwa na upepo wenye moshi usoni, hizo ni ringi au silinda zenyewe. Moshi mweupe usiokatika pamoja na maji kupungua ni gasketi ya hedi, au hedi iliyopasuka. Moshi mweusi ni petroli nyingi. Huo usiupeleke kwenye ovahoo, mwite fundi wa injekta na umeme.

Mlio mzito wa ko-ko-ko chini ya injini, unaozidi gari likipanda na mzigo, ni beringi za konrodi, maganda yaliyo pale mkono wa pistoni unaposhika kranki. Gari lenye mlio huo lizimwe pale pale. Kila kilomita linayoendeshwa inaikwangua kranki, mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, na kranki ndicho kipande ghali kuliko beringi zake zote.

Sasa pima kompresheni, yaani shinikizo la hewa inayobanwa ndani ya silinda. Washa injini mpaka ipate moto wake wa kawaida, zima, toa plagi zote nne, chomoa waya za koili na za injekta. Funga geji kwenye tundu la plagi, msaidizi akanyage mafuta hadi chini apige stata mpaka sindano isimame. Kwa 1NZ-FE iliyo nzima utapata karibu psi 213. Kiwango cha chini kabisa ni psi 156, na silinda zisipitane kwa zaidi ya psi 14. Iliyo chini ipime tena baada ya kumimina kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la plagi. Kipimo kikipanda sana, hewa ilikuwa ikipita kwenye ringi na oili imeziba. Kisipopanda, hewa inapita kwenye valvu au gasketi. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini zote mbili, mara nyingi gasketi imekatika katikati yao.

Andika namba hizo kwenye daftari pamoja na tarehe. Kazi ikiisha utazihitaji.

Kuifufua au kununua nyingine

Wengi watakwambia nunua injini ya mtumba kutoka Japani, uifunge jioni, kesho gari liko barabarani. Siikatai njia hiyo. Bloki ikitobolewa na konrodi, au hedi ikipasuka na kranki ikapinda kwa pamoja, hesabu ya ovahoo haikubali tena. Lakini injini ya mtumba ni fumbo. Hujui imetembea kilomita ngapi, hujui ilipashwa moto vipi, na dukani inanguruma dakika mbili tu ikiwa imeoshwa inang'aa. Ukiinunua, dai kuipima kompresheni hapo hapo, na utoe kifuniko cha juu uone chuma cha ndani kina rangi gani. Cha kahawia nyepesi si tatizo. Tope jeusi, ondoka.

Kuna na jambo la karatasi ambalo watu hulikumbuka wakati wa kuuza gari. Namba ya injini imo kwenye logbuku. Ukibadilisha injini lazima mabadiliko hayo yaandikishwe NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, la sivyo mnunuzi ama askari atakukuta na gari lisilolingana na karatasi zake. Ukiifufua injini yako kwa bloki ile ile, namba haibadiliki.

Kushusha na kufungua

Toa betri, mwaga maji na oili. Oili hiyo usiitupe chini. Ikingie kwenye beseni safi, iache itulie, kisha pitisha sumaku. Vipande vya chuma na unga unaong'aa vitakuambia pa kuangalia kabla hujafungua bolti hata moja.

Piga picha kwa simu kila waya na kila paipu. Bolti za kila kifuniko zitie kwenye mfuko wake na uandike jina. Kofia za konrodi na kofia za beringi kuu za kranki hazibadilishani nafasi hata kidogo, kwa sababu zilichongwa zikiwa zimefungwa pamoja na mwenzake. Kama namba hazionekani, zipige alama mwenyewe kabla ya kulegeza nati: silinda ya 1, upande wa mbele, na kuendelea. Valvu nazo zitoboleshe kwenye kipande cha katoni kwa mpangilio wake, pamoja na vikombe vyake vya juu.

Hedi ifunguliwe injini ikiwa baridi, bolti zilegezwe kidogo kidogo kutoka ncha kuelekea katikati. Ukifungua hedi ya aluminiamu ikiwa na moto, umeipinda wewe.

Kabla ya kuosha chochote, simama uangalie, maana uchafu ni ushahidi. Pistoni iliyokwaruzwa upande mmoja inaonyesha joto au ukosefu wa oili. Beringi iliyolika katikati tu ni ya kawaida, iliyolika pembeni tu inaonyesha konrodi iliyopinda, na yenye michirizi imekula mchanga. Magari yanayokwenda Marafa na Langobaya kwenye vumbi jekundu huja na michirizi hiyo, na ukifuatilia utakuta filta ya hewa imechanika au paipu yake imelegea klipu. Ringi za oili za 1NZ-FE mara nyingi utazikuta zimenata kwenye mfereji wake kwa masizi ya oili iliyokaa muda mrefu. Hizo hazikulika, ziligandishwa. Mwenyewe aambiwe wazi kwamba ugonjwa ni wa kuchelewa kumwaga oili, maana dawa yake iko mikononi mwake.

Kuosha

Hapa ndipo mafundi wengi hukimbia, na hapa ndipo kazi hufa.

Nje ya injini oshea mafuta taa na brashi. Ndani, toa vizibo vyote vya njia za oili kwenye bloki. Usipovitoa, unaosha mlango na kuacha nyumba. Kwenye kranki kuna vitundu vya oili vinavyokwenda kutoka beringi kuu hadi beringi za konrodi. Pitisha waya laini wenye brashi ndogo, mimina mafuta taa, halafu piga upepo wa kompresa huku umeziba tundu la upande wa pili kwa kidole, kisha achilia. Niliwahi kuona kilichotoka kwenye kranki iliyokuwa ikionekana safi kwa nje: donge jeusi la ukubwa wa punje ya kunde, laini kama lami ya juani, na ndani yake vipande vya silikoni nyekundu ya fundi aliyenitangulia. Donge lile lilikuwa limekaa njiani kuelekea beringi ya silinda ya 3, na beringi ya silinda ya 3 ndiyo iliyokuwa imeungua. Mwenye gari alikuwa ameshaambiwa kwamba beringi alizonunua ni mbovu.

Pistoni usizikwangue kwa bisibisi. Ziloweke usiku mmoja, kisha mifereji ya ringi isafishwe kwa kipande cha ringi kuukuu kilichovunjwa, polepole, bila kula aluminiamu. Yale matundu madogo nyuma ya ringi ya oili lazima yaonekane mwanga upande wa pili. Hayo ndiyo hurudisha oili chini, na yakiziba, ringi mpya zitaachwa na kazi isiyo yao.

Kupima

Maikromita na geji ya silinda si vya kampuni kubwa tu. Kama huna, azima, ama lipa anayevijua. Kila silinda ipimwe sehemu tatu, juu, katikati na chini, na kila sehemu mara mbili: sambamba na kranki, kisha kwa kukingama. Hivyo ni vipimo sita kwa silinda, ishirini na nne kwa injini nzima. Tofauti ya juu na chini inakwambia silinda imepanuka kama faneli. Tofauti ya upande na upande inakwambia imekuwa ya yai.

Ukucha unaofika juu ya silinda na kukwama kwenye ngazi ni ishara tosha kwamba kuta zimelika. Ukikuta tofauti inakaribia milimita 0.10, usimwambie mtu "tutaweka ringi tu". Ringi ni duara, na silinda si duara tena. Moshi utapungua mwezi mmoja kisha urudi.

Hedi ilaze kichwa chini, weka rula ya chuma iliyonyooka kwa urefu, kwa upana na kwa mishazari yote miwili, jaribu kupitisha chini yake fila geji, kile kibati chembamba cha kupimia mwanya, ya milimita 0.05. Ikipita mahali popote, hedi ya 1NZ-FE imepinda, ipelekwe mashine. Angalia na kingo za njia za maji. Chumvi huila aluminiamu na kuacha vishimo kama nondo alivyokula nguo, na kishimo kikifika pale gasketi inapokaa, hakuna gasketi itakayoziba.

Kranki ipimwe kila shingo, nayo pia kwa pande mbili. Yenye mikwaruzo ya kushikwa na ukucha husagwa.

Kazi ya mashine

Sisi wa Malindi kazi hii huifungasha tukaipeleka Mombasa, mwendo wa kilomita 120 hivi. Kwa hiyo panga safari moja na uende na kila kitu: bloki, kranki, hedi, konrodi, na pistoni mpya. Pistoni mpya kwanza, boringi baadaye. Silinda hupanuliwa ili ilingane na pistoni iliyo mkononi, hailingani na pistoni utakayoitafuta dukani kesho. Ovasaizi zinazopatikana kwa kawaida ni 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00 mm. Mafundi wengi huziita kumi, ishirini, thelathini na arobaini, kwa hesabu ya zamani ya inchi. Anza na ndogo kabisa inayoondoa makovu yote, ili injini ibakiwe na nyama ya safari nyingine.

Bloki za chuma za 3L, yenye kipenyo cha milimita 96, na 5L, ya 99.5, zinavumilia boringi au kuwekewa slivu mpya, yaani bomba la chuma ambalo ndilo ukuta wa silinda. Bloki ya 1NZ-FE ni ya aluminiamu yenye slivu nyembamba za chuma zilizomiminwa ndani yake. Haina nyama nyingi ya kukata. Ikiwa imelika sana, rai yangu ni kutafuta bloki nyingine nzima kuliko kuisukuma hadi mwisho wake, ingawa hapo suala la namba ya injini linarudi.

Baada ya boringi ni honingi, kuusugua ukuta wa silinda kwa jiwe laini. Ukuta wa silinda usirudi ukiwa laini kama kioo. Uwe na mistari myembamba inayopishana kama ukili wa mkeka, maana mistari hiyo hushika oili na kuzipa ringi mpya mahali pa kusugua mpaka zikae. Mwenye mashine akikurudishia silinda inayong'aa bila mistari, mrudishie.

Kranki ikisagwa, andika imesagwa kiasi gani, 0.25 au 0.50, na beringi zinunuliwe andasaizi ile ile, yaani za kulingana na kranki iliyopunguzwa kiasi hicho. Hedi ichongwe kidogo tu inavyohitajika, ipimwe nyufa kwa shinikizo, na makalio ya valvu yarekebishwe. Ukitaka kujua valvu zimekaa, geuza hedi, mimina petroli kwenye vyumba vyake vya moto, ngoja robo saa. Pasivuje.

Bloki ikirudi, chembe za jiwe la honingi zimo kwenye zile mistari. Mafuta taa na petroli hayazitoi, yanazilaza tu. Chukua maji ya moto, sabuni ya unga na brashi, sugua kila silinda, suuza, kisha futa kwa kitambaa cheupe kilichotiwa oili kidogo. Kikitoka na kijivu, rudia. Mimi husugua mara tatu, nne, mpaka kitambaa kitoke cheupe. Ukishamaliza usiende kunywa chai. Kausha kwa upepo na upake oili papo hapo. Kwa hewa hii ya bahari, hasa kusi ikivuma, silinda tupu huanza kushika kutu ya rangi ya machungwa kabla ya adhana inayofuata.

Spea

Spea bandia zimejaa, na boksi zuri si ushahidi. Niliwahi kuuziwa beringi zenye jina kubwa kwenye boksi. Ganda moja lilikuwa jembamba kuliko wenzake, na nililigundua kwa sababu tu nililipima. Dukani nenda na maikromita mfukoni, linganisha uzito na ya zamani, tazama chapa iliyogongwa mgongoni mwa ganda. Kama fedha haitoshi kwa kila kitu, usibane kwenye beringi, ringi, gasketi ya hedi na pampu ya maji. Cheni ya taiming nayo ibadilishwe na kikazio chake ikiwa imelegea, kwa sababu kuifikia tena ni kurudia nusu ya kazi.

Kufunga

Fagia, mwagia sakafu maji, funga mlango wa upande wa barabara. Siku ya kufunga injini hakuna kukata vyuma wala kupiga rangi karibu.

Rudisha vizibo vya njia za oili kwanza. Weka maganda ya beringi kuu yakiwa makavu mgongoni na yenye oili usoni, laza kranki, funga kofia kwa kipimo cha kitabu cha injini hiyo. Sasa izungushe kwa mkono. Inazunguka laini, bila kukwama mahali. Ikikwama, fungua utafute sababu. Usiilazimishe kwa spana ndefu ukitumaini itazoea.

Kila ringi itie ndani ya silinda yake kabla ya kuivisha pistoni, isukume kwa kichwa cha pistoni ikae sawa, pima mwanya wa ncha zake. Kwa silinda ya milimita 75 ringi ya juu iwe na milimita 0.25 hadi 0.35 hivi. Ukibana sana, ringi ikipata moto itarefuka, ncha zigongane, ivunjike au ikwaruze ukuta. Alama ndogo kwenye ringi hutazama juu. Mianya isipangane mstari mmoja, igawanye kuzunguka pistoni. Mshale ulio kichwani mwa pistoni uelekee mbele ya injini, upande wa cheni.

Bana ringi kwa kibanio chake, paka oili, gonga pistoni kwa mpini wa nyundo wa mti, taratibu. Ukisikia mlio umebadilika au pistoni imegoma, simama, kwani ringi moja imechomoza. Kila pistoni ikiingia na kofia yake ikikazwa, zungusha kranki. Ukizungusha baada ya kila moja, utajua mara moja ni ipi yenye shida.

Matundu ya bolti za hedi yakaushwe kwa upepo. Maji au oili ikibaki chini yake, bolti itaisukuma na kupasua bloki. Gasketi ya hedi haipakwi silikoni. Kaza kutoka katikati kwenda nje kwa spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza: 1NZ-FE hatua ya kwanza ni Nm 29, halafu digrii 90 kila bolti, halafu digrii 90 tena. Weka doa la rangi kwenye kila kichwa cha bolti ili ujue ipi imegeuzwa. Anayesema mkono wake ni torki tosha, hedi za aluminiamu zilizopinda ndizo zinazompa riziki.

Cheni ya taiming ina viungo vilivyopakwa rangi, vilinganishe na alama za gia za kemshafti, mihimili inayofungua valvu, na ya kranki, kisha zungusha kranki mizunguko miwili kamili kwa mkono kabla ya kufunga kifuniko. Mwanya wa valvu, injini ikiwa baridi: za kuingiza milimita 0.15 hadi 0.25, za kutoa 0.25 hadi 0.35.

Sampu, beseni la oili chini ya injini, ipakwe silikoni uzi mwembamba tu. Kinachomwagika nje unakiona, ila kinachomwagika ndani ndicho kilekile nilichokitoa kwenye ile kranki.

Maji na thamostati

Nitasema kwa nguvu kwa sababu nimechoka kuona. Usitoe thamostati, kile kizibo kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Huku pwani imekuwa desturi: "Bwana, joto letu kali, itoe tu." Thamostati ya 1NZ-FE hufunguka digrii 80 hadi 84, hiyo ndiyo kazi yake. Ukiitoa, injini haifikii moto wake, kompyuta inaendelea kumwaga petroli ya injini baridi, petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda, na ringi mpya zinasaga chuma kwa chuma. Injini ikichemka, tafuta rejeta iliyoziba, feni isiyozunguka, pampu iliyokwisha au kifuniko cha rejeta kilicholegea. Kifuniko chenye shinikizo la kilo 1.1 kwa sentimita ya mraba huyafanya maji yachemke karibu digrii 120 badala ya 100. Kikichoka, yanachemka mapema na mwenyewe analaumu jua.

Rejeta ifunguliwe, isafishwe au ibadilishwe. Tia kulanti, dawa ya maji ya rejeta, nusu na maji nusu, na maji hayo yawe yale ya kuongezea betri, yaliyosafishwa. Hakikisha dukani hukupewa asidi. Maji ya kisima yasiingie hata siku moja.

Kuwasha

Tia oili lita 3.7 pamoja na filta mpya. Toa plagi, chomoa injekta, piga stata kwa sekunde kumi kumi na kupumzika, mpaka taa ya oili izime. Maana yake oili imefika juu kabla injini haijabeba mzigo wowote. Rudisha plagi, washa.

Iache kwenye mizunguko 1,500 hadi 2,000 kwa dakika, na macho yako yawe kwenye taa ya oili, sindano ya moto na sakafu chini ya gari. Moshi kidogo wa oili ya kufungia utatoka na kukatika. Feni lazima iwake yenyewe mara mbili kabla hujalitoa gari nje. Toa hewa kwenye rejeta, ongeza maji, zima, iache ipoe kabisa, angalia tena.

Kilomita elfu ya kwanza

Usimpe dereva wa kukodi. Mizigo mizito isubiri, na barabara ya Mombasa kwa mwendo mmoja wa kasi isubiri pia. Lakini usilitembeze kwa woga wala kuliacha likinguruma bila kwenda, kwa kuwa ringi hukaa kwa kushindiliwa na shinikizo la moto. Mimi huwaambia waende Gede na kurudi mara kadhaa, wakipandisha mwendo taratibu hadi kilomita 80 kwa saa, kisha waachilie gari lipunguze lenyewe kwa gia. Kupanda na kushuka huko ndiko kunakozikalisha.

Kwenye kilomita 500 mwaga oili, badilisha filta. Filta ile ya zamani ikate kwa msumeno wa chuma, itandaze karatasi yake juani juu ya gazeti. Unga mwembamba wa kijivu ni wa kawaida mara ya kwanza. Chembe zinazong'aa rangi ya fedha au ya shaba, unazoweza kuzihesabu kwa jicho, ni beringi. Hapo usiwashe tena. Shusha sampu, fungua kofia ya konrodi moja uangalie ganda. Ukikuta karatasi safi, pima kompresheni upya na uiandike kwenye daftari lile lile, chini ya namba za siku ya kwanza.